Nintendo Haijazeeka, Imeshiba

Sijawahi kuiona Nintendo, kampuni ya Kijapani ya gemu, ikiuza mashine kwa kasi hii, na sijawahi kuiona ikiwa na mambo machache hivi ya kuisifia mashine yenyewe. Switch 2, mashine yake mpya ya kuchezea gemu mkononi au kwenye TV, ilitoka tarehe 5 Juni 2025, na ndani ya siku nne zilikuwa zimeshauzwa zaidi ya milioni 3.5. Ukiuliza kuna nini kipya ndani, unapewa vipimo: skrini ya inchi 7.9 badala ya 6.2 ya Switch ya kwanza, picha za 1080p mkononi badala ya 720p, hifadhi ya GB 256 badala ya 32, na ukiichomeka kwenye TV inafika hadi 4K. Vizuri vyote. Lakini hiyo ni lugha ya watengenezaji wa simu. Nintendo niliyoizoea ilikuwa ikitoa mashine, watu wanacheka, halafu miaka miwili baadaye waliocheka wako kwenye foleni.

Kwa hiyo wanaouliza kama kampuni hii kongwe bado inasisimua, safari hii nawaelewa. Jibu langu liko kwenye kichwa cha habari. Uzee si tatizo. Tatizo ni shibe. Ukiisoma historia yake utaona kwamba ikiwa imeshiba hurudia pishi la jana kwa sahani kubwa zaidi, na ikibanwa ukutani ndipo inapoleta kitu ambacho hukujua unakihitaji.

Ukongwe wenyewe ni wa kweli. Ilianzishwa Kyoto mwaka 1889 na Fusajiro Yamauchi, na kazi yake ilikuwa karata za hanafuda. Miaka ya 1960 karata zilipoanza kudorora, Hiroshi Yamauchi, kitukuu wa mwanzilishi, alijaribu biashara nyingine kadhaa ambazo hazikufua dafu. Kilichomwokoa kilitoka kwa kijana aliyeajiriwa kuangalia mitambo ya kiwandani, Gunpei Yokoi. Kijana alikuwa na muda wa ziada, akajitengenezea mkono wa kuchezea unaojikunjua na kushika vitu vya mbali. Bosi akauona. Badala ya kumfokea kwa kupoteza muda wa kazi, akamwambia aufanye bidhaa. Ultra Hand ikaingia sokoni mwaka 1966 na kuuzwa zaidi ya milioni moja.

Namtaja Yokoi kwa sababu karibu kila kitu ninachokipenda kwenye kampuni hii kina alama ya vidole vyake. Alikuwa na msimamo mmoja: chukua teknolojia ambayo imeshazoeleka na kushuka bei, kisha itafutie matumizi ambayo hakuna aliyeyawazia. Game & Watch, gemu ndogo za mkononi za mwaka 1980, zilitumia skrini na chipu za aina ile ile iliyokuwa ndani ya vikokotoo. Miaka miwili baadaye, kwenye Donkey Kong ya mkononi, akaweka kile kitufe cha umbo la msalaba ambacho kidole gumba kinakielewa chenyewe bila macho kutazama. Shika pedi yoyote leo, iwe ya Sony au ya Microsoft, utakikuta au utakikuta nduguye.

Halafu Game Boy, mashine ya mkononi ya mwaka 1989. Skrini haina rangi, haina taa, betri nne ndogo. Atari wakaja na Lynx yenye rangi mwaka huo huo, Sega wakafuata na Game Gear, nayo ya rangi na yenye taa, ikila betri sita kwa saa chache tu. Ile mashine duni ndiyo iliyoshinda. Game Boy na Game Boy Color kwa pamoja ziliuzwa karibu milioni 119. Hapo nguvu ya mashine haikuamua chochote. Kilichoamua ni kwamba betri za Game Boy zilidumu, na Tetris ilikuwa ndani ya boksi.

Sasa turudi kwenye njaa na shibe.

Famicom, mashine yake ya TV ya miaka ya 1980, ilishinda dunia, ikafuatwa na Super Famicom mwaka 1990: mashine ile ile, rangi zaidi, vitufe zaidi. DS, mashine ya mkononi ya skrini mbili, ilishinda dunia, ikafuatwa na 3DS mwaka 2011: skrini mbili zile zile, moja ikiwa na picha zinazotokeza bila miwani. Haikupita miezi sita bei ikakatwa karibu theluthi, na mwaka 2013 wakauza 2DS, yaani mashine ile ile ikiwa imenyang'anywa jambo lililoipa jina. (Bado nacheka nikikumbuka. Ni nani mwingine angethubutu?) Wii ilishinda dunia, ikafuatwa na Wii U mwaka 2012, jina ambalo wazazi wengi walidhani ni kifaa cha ziada cha Wii waliyonayo tayari.

Angalia sasa upande wa pili. GameCube, mashine iliyoitangulia Wii, iliishia karibu milioni 22 wakati PlayStation 2 ya Sony ilivuka milioni 150. Baada ya kipigo hicho ndipo ikaja Wii, mwaka 2006. Ndani yake ilikuwa karibu ni GameCube iliyofanyiwa ukarabati, haikuwa hata na picha za HD, lakini mkononi ulishika kitu kinachofanana na rimoti ya TV, ukapunga, na mpira wa tenisi ukaruka. Ziliuzwa zaidi ya milioni 101. Sony na Microsoft wakaja mbio mwaka 2010 na Move na Kinect, vifaa vyao vya kucheza kwa kutikisa mwili, kila mmoja akijifanya wazo ni lake. DS yenyewe, ile ya mwaka 2004, ilitoka wakati Sony walipokuwa wanabisha hodi na PSP kwenye soko la mashine za mkononi, mahali ambapo Nintendo ilikuwa imejizoeza kulala mlango wazi.

Na Wii U, milioni 13.56 tu kwa umri wake wote, ndiyo iliyozaa Switch.

Kipindi hicho ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2012 kampuni ilipata hasara ya mwaka mzima, kitu ambacho haikuwa imekizoea kwa takriban miaka 30. Wachambuzi wakaanza kuishauri iachane na mashine, itengeneze gemu za simu. Rais wake, Satoru Iwata, ambaye alianza kama mwandika programu, mwanzoni mwa 2014 alijikata nusu ya mshahara kwa miezi kadhaa na akakataa kupunguza wafanyakazi. Mwaka uliotangulia aliwaambia wenye hisa kwamba mfanyakazi anayeogopa kufukuzwa hawezi kutengeneza gemu ya kumgusa mtu. Kwa hiyo ninaposema njaa sina maana ya kumtisha fundi mezani kwake. Nina maana ya kampuni kujua kwamba jambo la jana halitaiokoa kesho. Iwata alifariki Julai 2015, Switch ikiwa bado ni siri yenye jina la NX, na haikutoka mpaka tarehe 3 Machi 2017.

Switch ya kwanza ilikuwa na ujinga mwingi mtamu ndani yake, na hapa naomba nikae kidogo. Walipoitoa walikuwa na gemu inaitwa 1-2-Switch, ambayo kwa ujumla si gemu ya kumpendekezea mtu. Lakini ndani yake kuna mchezo mmoja mdogo: unashika Joy-Con moja, yaani pedi ndogo inayochomoka ubavuni mwa Switch, unaiinamisha taratibu kushoto na kulia, na unahisi vijipira vikibingirika na kugongana na kuta za kisanduku. Kazi yako ni kukisia viko vingapi. Hakuna kijipira chochote, ni mtetemo tu, lakini kiganja kinakula kiapo kwamba vimo. Kwenye Joy-Con ya kulia kulikuwa na kamera ndogo ya miale isiyoonekana kwa macho. Mwaka 2018 wakaitumia kwenye Labo: unakunja maboksi mpaka yanakuwa piano, unachomeka Joy-Con kwa nyuma, ukibonyeza kinanda cha kadibodi kamera inaona vijistika vinavyong'aa vikisogea, na noti inalia. Nani aliyeomba piano ya kadibodi? Hakuna. Ring Fit Adventure, gemu ya mazoezi ya mwaka 2019 inayochezwa kwa kubana pete, iliitumia kamera ile ile kupima mapigo ya moyo kwenye kidole gumba baada ya mazoezi.

Kwenye Joy-Con 2 kamera hiyo imeondolewa. Pete ya Ring Fit nayo haiingiliani na pedi mpya, inabidi uunganishe zile za zamani. Mhasibu yeyote atakwambia ni uamuzi sahihi, gemu zilizoitumia zinahesabika kwa vidole. Mimi naona ni kama kampuni imefunga chumba ilichokuwa inachezea.

Badala yake tumepewa nini? Sumaku, kwanza. Pedi hazitelezeshwi tena kwenye reli, unazisogeza karibu na mwili wa mashine na zinajinasa zenyewe kwa mlio mfupi ambao, nakiri, nimeurudia mara nyingi bila sababu yoyote. Kisha kitufe cha C, cha kuongea na marafiki huku mkicheza. Xbox walikuwa na huduma ya sauti mwaka 2002. Nintendo imegundua mwaka 2025 kwamba watu wakicheza huwa wanaongea, hongera kwao.

Kisha kuna kipanya, na hili ndilo pekee linalonifanya nisiifunge kesi. Unailaza Joy-Con 2 kwa ubavu, unaisugua juu ya meza, nayo inageuka kipanya cha kompyuta. Inafanya kazi hata juu ya paja la suruali. Metroid Prime 4, gemu ya kulenga na kufyatua, inaelewa yenyewe: ukiilaza pedi unalenga kwa kipanya, ukiinyanyua unarudi kwenye vijiti, huingii kwenye menyu yoyote. Drag x Drive inakupa vipanya viwili, kimoja kila mkono, na kila kimoja ni gurudumu la kiti cha magurudumu kwenye mpira wa kikapu. Ubavu wenyewe ni mwembamba, haujai kiganjani kama kipanya halisi, lakini wazo hili Yokoi angelitambua mara moja. Kipanya ni teknolojia ya zamani kabisa, imeshushwa bei, ikapelekwa mahali ambapo haikutarajiwa. Shida ni kwamba mpaka sasa kampuni yenyewe inakichukulia kama kiungo cha pembeni. Wii isingekuwa Wii kama tenisi ingefichwa ukurasa wa tatu wa menyu.

Mpwa wangu, ambaye anacheza kwenye kompyuta na anaamini konsoli zote ni za watoto, aliishika Switch 2 akaigeuza geuza.

"Mjomba, hii si ile ile tu, imenenepa?"

Nikamwekea Donkey Kong Bananza na kumpa pedi ya pili. Ndani ya gemu hiyo mchezaji wa pili anakuwa Pauline, msichana aliyekaa mgongoni kwa Donkey Kong, ambaye sauti yake ndiyo silaha, na unailenga kwa kipanya. Mimi navunja ukuta, yeye anafyatua maneno. Tulikuwa tumeanza kwa kufuata njia, tukaishia kuchimba shimo lisilo na sababu mpaka tukatokea upande mwingine wa mlima.

"Kumbe kila kitu kinavunjika?"

"Karibu kila kitu."

"Hata hapa tuliposimama?"

Tukavunja na hapo.

Hii ndiyo sehemu ninayopata shida kuwa mkali. Bananza ilitoka Julai 2025, kazi ya kundi lililotengeneza Super Mario Odyssey, na ndani yake unaweza kung'oa bonge la ardhi, ukalirusha, au ukapanda juu yake ukateleza nalo. Si mapambo, ni namna nyingine ya kufikiria: njia unaitoboa mwenyewe. Watengenezaji wake wamesema kazi ilianzia kwenye Switch ya kwanza kisha ikahamishwa kwa sababu mashine mpya iliruhusu uharibifu mkubwa zaidi. Kwa hiyo zile namba nilizozibeza mwanzoni zina kazi. Na kabla yake, mwaka 2023, Tears of the Kingdom, gemu ya Zelda, ilikuachia gundi na mbao na magurudumu na kukwambia ujitengenezee daraja, gari, ndege, chochote kitakachokuvusha. Uwezo huo wa kunyanyua na kuunganisha vitu waliuita Ultrahand. Jina la kichezeo cha mwaka 1966, limewekwa kwenye gemu ambayo ilikuwa inakamua chipu ya simu na tableti iliyotangazwa mwaka 2015. Yokoi alifariki mwaka 1997, lakini mtu fulani pale Kyoto bado anamsoma.

Ndiyo maana nasema haijazeeka. Uvumbuzi upo, umehama tu. Zamani ulikuwa unaupata ukifungua boksi, kabla hata hujawasha. Super Mario 64 mwaka 1996 ilikupa kijiti: ukikisukuma kidogo Mario ananyata, ukikisukuma zaidi anatembea, ukikifikisha mwisho anakimbia. Kulikuwa na maua makali yaliyolala huku muziki wa kubembeleza ukipigwa, na njia pekee ya kuyafikia bila kuyaamsha ilikuwa kidole gumba chako kujizuia. Gemu na pedi vilikuwa kitu kimoja, huwezi kusema kimoja kinaishia wapi. Leo gemu inasisimua na mashine inaibeba, kama mashine nyingine yoyote ingeweza kuibeba.

Kuna anayesoma hapa akisema nadharia yangu ina matobo. Yapo. Game Boy ilitoka wakati kampuni inaogelea kwenye fedha za Famicom. Virtual Boy pia, mwaka 1995, ile mashine ya picha nyekundu tupu unayoinamia kama daktari wa macho, ilitoka Super Famicom ikiwa bado inauza. Nadhani tofauti wakati ule ilikuwa Yokoi mwenyewe, na Yamauchi aliyekuwa tayari kumwachia mtu mmoja acheze kamari na fedha za kampuni. Virtual Boy ilianguka vibaya na Yokoi aliondoka mwaka uliofuata. Sioni mtu wa aina hiyo leo, au kama yupo hajaachiwa mlango. Kilicho karibu zaidi ni Alarmo, saa ya mezani iliyotoka Oktoba 2024, inayohisi kwa mawimbi ya redio ukijigeuza kitandani na kukupigia sauti za Mario mpaka uamke. Ni upuuzi mtupu, naipenda.

Pia si kweli kwamba shibe ni mbaya kila mara. Super Famicom haikuwa na wazo jipya hata moja la kushika mkononi isipokuwa vile vitufe vya begani, na ndiyo iliyotupa gemu kama A Link to the Past na Super Metroid. Mashine ya kuchosha inaweza kuwa na maktaba isiyosahaulika. Mario Kart World, gemu ya mbio za magari ya Switch 2, ingawa haikunishika kama nilivyotarajia, ina magari 24 kwenye mbio moja badala ya 12 na barabara zilizounganishwa kuwa nchi nzima ya kuzurura. Lakini kumbuka pia kwamba kabla yake tulikaa na Mario Kart 8 kwenye TV tangu mwaka 2014, ikauzwa upya 2017, na ikapita milioni 60 kwenye Switch. Kitu kinachouza hivyo, nani ana haraka ya kukibadilisha?

Linalonipa wasiwasi ni jingine. Kila mara njaa iliporudi, ilirudi kwa sababu mashine ilikuwa ndiyo tegemeo pekee. Ikianguka, nyumba nzima inatikisika. Sasa kuna filamu ya Mario ya mwaka 2023 iliyoingiza zaidi ya dola bilioni moja, kuna bustani ya burudani Osaka tangu 2021, na Switch ya kwanza imepita milioni 150. Wazo la mashine ya kubeba na kuchomeka kwenye TV limeshakuwa la kila mtu: Valve walitoa Steam Deck mwaka 2022, Asus na Lenovo wakafuata mwaka uliofuata, na Lenovo wakaweka hadi pedi za kuchomoka. Kampuni nyingine ikiona wazo lake limeigwa na wote, ingeshtuka. Nintendo haina sababu ya kushtuka, kwa sababu hakuna kati ya hao anayeweza kuuza Mario.

Rais wa sasa, Shuntaro Furukawa, alipanda kupitia idara za fedha na mipango. Simlaumu kwa hilo, mashine inatoka kwa wakati, maduka yana mzigo, mambo ambayo enzi za Iwata hayakuwa ya uhakika. Ila ikitokea Switch 3 yenye skrini ya inchi 8.5 na pedi zile zile, nitainunua kwa ajili ya Zelda, na sitakuwa na la kuandika.